Joto la Kupigwa Kalenda

Nyumba yetu ya Leicester ilijengwa zama za Malkia Victoria, na aliyeijenga hakuwatakia mema watu wa kutoka Kilwa. Dari iko juu mno, madirisha yanapitisha upepo hata yakifungwa, na ngazi imewekwa mahali ambapo kila chembe ya joto inayopatikana sebuleni hupanda nayo ghorofani, ikalala kabla ya wenye nyumba. Siku tuliyoonyeshwa, dalali alisifu bustani, akasifu shule, akasifu na msikiti ulio jirani. Habari ya baridi hakuigusa. Ilikuwa Julai.

Joto lenyewe tulikuwa tukilipata kwa hita za umeme za matofali. Kwa asiyezijua, hita hiyo ni sanduku pana la bati lililobanwa ukutani chini ya dirisha. Ndani mmepangwa matofali mazito, na katikati ya matofali zimepita nyaya za umeme. Usiku, kwa muda wa saa saba ambazo umeme huuzwa kwa bei nafuu, nyaya huyapasha matofali. Mchana matofali yanatakiwa kuliachia joto hilo kidogo kidogo. Mpango wa saa saba za bei nafuu ulianza Uingereza mwaka 1978, na ukisimuliwa unaukubali palepale.

Taabu huanza unapoishi nao. Alfajiri, watu wote wako chini ya mablanketi, nyumba inafuka joto. Saa mbili usiku watu wamerudi kazini, wametoa mikono kuiota hita, na hita imekwisha habari yake. Hita zetu zilikuwa kama yule ndugu anayeleta pilau watu wameshashiba, kisha siku ya njaa simu yake haipatikani.

Halafu kuna vitufe viwili: kimoja cha kiasi cha joto la kuingiza usiku, kingine cha kiasi cha kutoa mchana. Maana yake ni kwamba ili uote joto kesho, lazima uijue hali ya hewa ya kesho leo hii. Ukikisia baridi, linachomoza jua na mnashinda mmefungua madirisha katikati ya Februari. Ukikisia jua, inaanguka theluji, na huna la kufanya mpaka usiku mwingine ufike. Na kila mgeni aliyetutembelea aliinuka kwa huruma akavizungusha vitufe vyote viwili, akidhani wenyeji tumesahau. Mgeni akiondoka, hali ya hewa ya siku inayofuata tuliikuta imeshapangwa na mtu wa Birmingham.

"Weka gesi, bwana. Iko taabu gani?" aliniambia jirani yetu.

Huyu ni mzee wa Kihindi kutoka Jinja. Alikuja mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Mwaka huohuo halmashauri ya jiji la Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, ikiwasihi wasije Leicester kwa kuwa hakuna nafasi. Mzee anasema alilisoma tangazo hilo kwa makini. "Nikamwambia mke wangu, mji unaokatazwa namna hii lazima iko kitu." Walipofika, kitu cha kwanza walichokikuta kilikuwa baridi, wakaipitisha familia nzima katika chumba kimoja na hita ya mafuta ya taa. Ndiyo sababu, likija suala la joto, mtaa mzima humsikiliza.

Si kwamba hatukufikiria njia nyingine. Serikali huwapa watu wa England na Wales ruzuku ya pauni 7,500 wakiweka pampu ya joto, mashine inayovuta joto lililomo katika hewa ya nje na kuliingiza ndani, kwa sababu gesi inachafua hewa na nchi inataka kuachana nayo. Mtaalamu wa pampu alikuja. Akatazama madirisha yetu, akagonga kuta kusikia kama zina uwazi wa kujaza kizuia baridi, akachungulia ua wetu wa nyuma unaoenea baiskeli na pipa la taka, akafunga daftari lake na kutuomba maji ya kunywa. Kwa hiyo wakati wenzetu wanafungasha kutoka kwenye gesi, sisi ndio tukawa tunapiga hodi.

Kwetu ukitaka gesi unampigia kijana wa bodaboda. Mtungi unafika, anafunga regyuleta, anasikiliza kama inavuja, anachukua chake, na maharage yanabandikwa. Leicester gesi ina wakubwa watatu. Wa kwanza ni mwenye bomba la barabarani. Kazi yake ni kulifikisha ukutani kwako, basi. Wa pili ni muuza gesi. Huyo ndiye huleta mita. Wa tatu ni fundi wa boila, mashine ya gesi inayopasha maji ya kuzungusha joto nyumbani. Kazi yake huanzia mita ilipoishia. Watatu hawa hawafahamiani, hawapigiani simu, na wawili kati yao wana muziki wa kumwekea mteja akisubiri. Muziki wa mwenye bomba ni wa kinanda. Wa muuza gesi una sauti ya mwanamke anayekuambia kila baada ya muda kwamba simu yako ni muhimu sana kwao.

Tulipeleka maombi Agosti, watu wakila aiskrimu. Mwenye bomba akajibu kwamba bomba kuu liko upande wa pili wa barabara, hivyo kinahitajika kibali cha kuchimba, na tutarajie Septemba. Septemba wakatupiga kalenda hadi Oktoba. Oktoba kweli wakaja, wakaweka taa za kuongoza magari kwenye kijibarabara kisichopita magari, wakachimba, wakalaza bomba la plastiki la njano, wakafukia vizuri na kufagia. Bomba likaingia katika kisanduku cheupe ukutani kwetu, likazibwa mdomo. Gesi ikawa imefika. Tungeweza kuigonga na kidole.

Ikabaki mita. Nikampigia muuza gesi.

"Namba yako ya mita haipo kwenye mfumo."

"Nimepewa na mwenye bomba."

"Pengine hawajaiandikisha."

"Wanasema wameiandikisha."

"Sisi hatuioni."

Nikampigia mwenye bomba. "Sisi tunaiona," wakasema, na kweli wakanisomea tarakimu zote, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mtu anayeona kitu kizuri. Ikawa danadana: huku wanaiona, kule hawaioni, na mimi katikati nina namba niliyokwisha kuihifadhi kichwani kuliko tarehe yangu ya kuzaliwa. Ilipoonekana hatimaye pande zote mbili, ikakutwa imeandikishwa kwa "ghorofa ya kwanza", wakati nyumba yetu haijagawanywa. Dada wa kwenye simu akaniuliza kwa adabu kama mpangaji wa ghorofani ataridhia mita iwekwe. Mpangaji wa ghorofani alikuwa mke wangu, amelala na mtoto mchanga. Nikasema ataridhia. Akasema wangehitaji aseme mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma historia, kwa hasira. Zamani gesi ya majumbani Uingereza ilikuwa ikikamuliwa kutoka kwenye makaa ya mawe. Mwaka 1965 ikagunduliwa gesi asilia chini ya Bahari ya Kaskazini, lakini gesi hiyo mpya huwaka kwa namna yake, na majiko ya zamani yasingeifaa bila kubadilishwa vichomeo. Basi kuanzia mwaka 1967 hadi 1977 mafundi walipita mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, nchi nzima, wakirekebisha kila jiko na kila hita: wateja takriban milioni 13, na vifaa kama milioni 40. Miaka kumi, wakamaliza. Bila kompyuta, bila mfumo, bila muziki wa kinanda. Nyumba yangu moja, iliyo hatua chache kutoka kwenye bomba kuu, ikawashinda wajukuu wao.

Muuza gesi akatoa tarehe ya mita, katikati ya Novemba. Kwa kuitegemea hiyo, fundi wa boila akaja siku mbili kabla, kwa kuwa hana nafasi nyingine mpaka mwaka mpya. Alikuwa kijana wa palepale Leicester, mwenye michoro mikono yote miwili na mapenzi makubwa ya chai. Akakata umeme wa hita, akaanza kuzibomoa. Hita hizo hazibebeki nzima. Unafungua bati la mbele, unatoa tofali moja moja, na kila tofali lina uzito wa kukushangaza. Akayapanga uani kwa safu. Kisha akang'oa mbao za sakafu, akapitisha mabomba ya shaba chini yake, akafunga rejeta ukutani, akatundika boila jikoni. Jioni akanawa mikono, akasema bado mita tu.

Mita haikuja. Ikapigwa kalenda tena, na ujumbe ulioomba radhi kwa usumbufu. Hita za zamani zipo uani, boila mpya haina gesi, na nje kumeanza kuganda. Usiku huohuo akatua mama mkwe kutoka Kilwa, kuja kumwona mjukuu.

Asubuhi akasimama dirishani akitazama zile safu za matofali. "Mnajenga?" akamuuliza bintiye.

Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa habari ya ukwe. Mbele ya mama mkwe mtu hukaa kitako vizuri, huvaa kanzu au shati lililopigwa pasi, hacheki ovyo, hapiti na msuli. Adabu hiyo niliilinda tangu siku ya posa. Novemba ile, adabu ilidumu mpaka saa tatu usiku. Tulikuwa na kihita kimoja cha kuchomeka, na chumba kimoja ambacho sakafu yake ilikuwa imerudishiwa mbao. Basi mama mkwe akakaa kulia, mimi kushoto, mke wangu na mtoto katikati, kila mtu na alichokipata. Mimi nilichokipata ni blanketi la mtoto lenye picha za sungura. Nililijifunga kichwani, likaishia kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akajibu, macho yake ameyaelekeza ukutani, kwa kunisitiri.

Tukakaa. Kihita kikanguruma.

"Na hiyo gesi yenyewe," akasema baada ya muda, "inatoka wapi?"

"Baharini, mama. Bahari ya Kaskazini, na nyingine Norway."

"Yetu pia inatoka baharini."

Ni kweli. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya yetu ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa chini miaka thelathini, na ikaanza kutumika mwaka 2004. Bomba lake linatoka kisiwani, linavuka bahari, kisha linakata nchi kavu zaidi ya kilomita 200 hadi Dar es Salaam, kwenye mitambo ya umeme ya Ubungo na kiwanda cha saruji cha Wazo. Kilwa yenyewe watu wengi wanapikia mkaa na kuni.

"Ile ilitupita ikienda Dar," akasema mama mkwe. "Hii imefika mpaka ukutani ikasimama. Mimi na gesi tuna jambo letu."

Mita ilipokuja, ilifungwa na mtu mmoja, kwa muda mfupi kuliko ule niliousikiliza muziki. Fundi wa boila akarudi siku iliyofuata kuwasha. Kabla hajagusa kitu, mama mkwe akataka kujua huyu kijana amefunzwa na nani. Mke wangu akamweleza kwamba Uingereza fundi wa gesi hatambuliwi kwa kusifiwa mtaani: sheria inamtaka awe katika orodha ya Gas Safe, ambayo tangu mwaka 2009 ndiyo rejista rasmi, na awe na kadi.

"Atoe."

Kijana akaitoa. Mama mkwe akatazama picha, akamtazama mwenyewe, akatazama picha tena. Akaigeuza nyuma, maana nyuma ndipo panapoorodheshwa kazi anazoruhusiwa, akamnyooshea bintiye amsomee. Boila zimo. Majiko ya gesi hayamo.

"Basi mwambie jiko asiliguse."

Jiko letu ni la umeme, lakini kijana aliahidi.

Boila ikawaka kwa mlio wa kupumua. Mabomba yakaanza kugongagonga chini ya sakafu, maji yakabwabwaja ukutani, na rejeta zikapata joto chini huku juu ni za baridi, kwa kuwa hewa ilikuwa imenasa ndani. Fundi akampa mama mkwe ufunguo mdogo wa shaba, akamwonyesha tundu la pembeni: zungusha kidogo, hewa itoke, maji yakianza kutema, funga. Mama mkwe akazunguka nyumba nzima akizipumulisha rejeta, kanga begani kwa ajili ya kufuta matone. Fundi akaishiwa na kazi, akanywa chai.

Kitu kimoja tu mama mkwe hakukikubali kirahisi. Mtu aliyezoea mtungi anajua kwamba gesi ikivuja inatambaa chini, na huyu mama alitaka mlango wa jikoni uachwe wazi. Fundi akaeleza kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hii ya bomba ni nyepesi, hupanda. Harufu mbaya unayoisikia imetiwa makusudi ili watu washtuke. Na akaning'iniza kengele inayolia ikinusa ile hewa ya sumu isiyo na harufu, monoksidi ya kaboni, inayotokea moto ukikosa kuungua sawasawa. Mama mkwe akaridhika na kengele. Mlango ukafungwa. Kwa mara ya kwanza tangu tuinunue ile nyumba, saa mbili usiku ilitukuta sebuleni na shati moja moja.

Ningependa kuishia hapo, lakini boila haikutaka. Tangu mwaka 2005 boila mpya za England na Wales karibu zote sharti ziwe za kubana joto hata la moshi wake. Mvuke uliomo katika moshi hupozwa mpaka ukawa maji, na lile joto lililokuwa likipotelea nje hurudishwa ndani. Ni ufundi mzuri, unaokuondolea hasara kubwa. Maji hayo hutolewa kwa kijibomba chembamba cha plastiki, na chetu kilipitishwa nje ya ukuta kuelekea kwenye mfereji. Ulipoingia usiku wa kwanza wa baridi kali, maji yakaganda ndani ya kijibomba, yakarudi nyuma, boila ikakoroma, ikaandika namba kwenye kioo chake, ikazima. Soma tena hapo: mashine ya kuleta joto ilizimwa na baridi. Wala si yetu peke yake. Desemba ya mwaka 2010, baridi ilipokaza Uingereza nzima, boila za namna hii zilizima kwa wingi hivyohivyo.

Alfajiri nikatoka uani na tochi. Mama mkwe akatoka na birika, kanga juu ya koti, koti juu ya sweta, miguuni viatu vyangu. Nikamulika, akamimina. Kichwa cha mzee wa Jinja kikatokea juu ya ua.

"Isichemke, mama! Vuguvugu tu! Plastiki itapasuka!"

"Shikamoo," mama mkwe akamjibu, kwa kuwa salamu kwanza, kisha akaingiza kidole ndani ya birika kupima. Akamimina polepole kutoka juu hadi chini. Kijibomba kikatoa sauti ya kukwaruza, kipande cha barafu kikachomoka kikaanguka mferejini, na boila ikawaka yenyewe. Moshi mweupe ukatoka ukutani, ukaelekea moja kwa moja kwenye dirisha la mzee, ambaye kwa miaka miwili ndiye aliyekuwa akinihimiza niweke gesi. Akaingia ndani, akafunga dirisha bila neno. Baadaye fundi alikuja kukivika kijibomba koti la sponji nene.

Sasa nyumba ina joto, na tumeanza kugombania kiasi chake. Kidhibiti kiko ukutani, karibu na mlango. Mimi ninayelipa bili hukiweka 18. Mke wangu 21. Mama mkwe hupita akielekea kuswali, na akishapita kinasoma 27. Nilipothubutu kugusia, kwa kupitia bintiye kama inavyopasa, jibu lilinirudia kwa njia hiyohiyo: Kilwa muda huu ni 30, na hakuna anayeletewa bili.

Kwa hiyo wewe uliye ughaibuni na unafikiria kuhamia gesi, sikiliza. Namba ya mita itafute kabla hata barabara haijachimbwa, na ukipewa, hakikisha imeandikwa anwani yako kamili. Fundi asibomoe cha zamani mpaka mita umeiona kwa macho. Kadi yake igeuze nyuma. Kijibomba cha maji kikiwezekana kipite ndani. Kikipita nje kivikwe tangu siku ya kwanza. Kengele ya monoksidi usiibanie pesa. Kumbuka pia kwamba feni na pampu ya boila vinatumia umeme, hivyo siku umeme ukikatika, gesi yako yote haitakupasha. Anza maombi Januari ili uwashe Juni, maana mwanzo wa Agosti umeshachelewa. Na mama mkwe akisema anakuja, mpelekee tiketi ya Julai.